Anti, lakchara asema picha za nyumba yetu hazina msiba

Asalaam aleikum Anti,

Mimi ni msichana wa Lamu, kwetu ni Mkomani, nasomea upigaji picha Nairobi na huu ndio mwaka wa mwisho. Kila mwanafunzi anatakiwa afanye utafiti wake, picha pamoja na maandishi, na mimi mwanzo wa mwaka niliandika kwenye proposo kwamba nitachunguza huzuni na picha za majengo, yaani jengo laweza vipi kubeba msiba bila mtu kuonekana ndani. Wallahi wakati huo yalikuwa maneno ya kupitisha fomu tu, nilikuwa napenda majengo na nikataka jambo zito la kuweka kando yake. Halafu babu akafariki, Mungu amrehemu, na mada yangu ikanifuata hadi nyumbani.

Nyumba yetu ni ya mawe, ya zamani, ina daka (ukumbi wa kuingilia), kiwanda (ule ua wa wazi wa katikati), misana (vile vyumba virefu vinavyofuatana), ndani na nyumba ya kati (chumba cha mwisho kabisa), zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, bado ziko ingawa nyingine zimemeguka. Bibi yuko eda humo humo. Baada ya hitima nikaanza kupiga picha, vyumba tu, asubuhi watu wakiwa hawajaja kutoa pole. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Ami yangu mkubwa akasema mbele ya watu kwamba naitia nyumba aibu, kwamba wenzangu wasoma Kurani mimi nafanya biashara ya msiba. Nikanyamaza. Wiki haijapita akanivuta pembeni akaniuliza kama zile picha zimetoka vizuri, manake kuna dalali ataka kuziona, kuna mzungu aulizia nyumba, eti nimpe mbili tatu za zidaka na ile ya kiwanda. Anti, bibi hajatoka eda!

Chuoni nako supavaiza wangu kaziangalia kwenye laptopu akasema ni safi lakini zimepoa, zafanana na za tangazo la hoteli, msiba uko wapi? Akanishauri nimpige bibi akiwa amekaa dirishani, au mikono yake tu na tasbihi. Kitu pekee alichokipenda ni mpangilio wa maandishi, manake nimegawa nyumba kwa zile hatua tano za huzuni (kukana, hasira, kubembeleza, majonzi, kukubali), daka ni kukana, kiwanda ni hasira, hivyo hivyo mpaka nyumba ya kati ndo kukubali.

La mwisho ndilo linanikosesha usingizi. Nikiwa nyuma ya kamera sihisi chochote. Nahesabu shata, naangalia mistari kama imenyooka, picha ikitoka vizuri hata nafurahi. Nikiifunga kamera ndo naanza kulia. Sasa sijui kama mimi ni mfiwa au ni mwanafunzi anayetafuta maksi kwenye kifo cha babu yake. Nibadilishe mada? Nikiendelea, bibi nimpige nisimpige? Na ami nimjibu nini?

Mjukuu, Lamu

---

Waaleikum salaam mwanangu, na pole sana, Mungu amlaze babu pema.

Mada usibadilishe. Ila utafiti ulioujazia fomu na huu ulio nao mkononi sasa ni vitu viwili, na huu wa pili ni bora mara nyingi, kwa hiyo niruhusu niuvunje ule wa kwanza kwanza.

Hatua tano zitoe, zote. Najua lakchara amezipenda, kila mtu anazipenda manake zinapangika vizuri kwenye karatasi, lakini daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross alipoziandika 1969 alikuwa ametoka kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wanakufa wao wenyewe. Wafiwa waliingizwa humo baadaye, na tangu hapo watu wanajipima, mbona mimi sijafika kwenye hasira, mbona fulani kakubali mapema. Halafu hebu nambie, kiwanda cha kwenu kina hasira gani? Kina ndoo, kamba ya kuanikia, paka, mche mmoja labda. Hiyo hasira umeishusha wewe kwenye basi na mizigo yako. Mtazamaji akiisoma hivyo hataiona nyumba yenu hata kidogo, ataona somo.

Kama chuo kinataka lazima utaje wanazuoni, wasome Margaret Stroebe na Henk Schut wa Utrecht, Uholanzi, waliandika 1999. Wao wasema mfiwa huenda na kurudi, saa hii yuko kwenye kifo chenyewe, saa ile yuko kwenye mambo ya kuishi, stima haijalipwa, unga umekwisha, nani atampeleka mtoto shule, kisha anarudi tena kulia, na huko kwenda na kurudi ndiko kuomboleza kwenyewe. Sasa isome tena barua yako, pale uliposema ukishika kamera huhisi kitu na ukiifunga walia. Wewe ni mfiwa mzima kabisa, na ni mwanafunzi pia, na hayo mawili yanapishana mlangoni siku nzima bila kugombana. Usijione mwizi kwa hilo. Unaweza kuwa mwizi kwa jambo jingine, nitafika huko.

Sasa nyumba. Umezaliwa humo kwa hiyo labda umeizoea, lakini wenzako wanaofanya mada kama yako wanahangaika kutafuta jengo wakalipakaze huzuni, gofu fulani, hospitali iliyohamwa, kanisa bovu. Wewe huna haja. Nyumba za mawe za Lamu, nyingi zikiwa za karne ya 18, zilijengwa zikiwa na nafasi ya msiba ndani yake. Mtu anaingia dakani, anakunja kona ili wa njiani asichungulie, anatokea kiwandani, anapanda msana wa kwanza, wa pili, kisha ndani, na kadiri anavyoingia sakafu inainuka kidogo kidogo na mwanga unapungua. Mwisho kabisa ni nyumba ya kati. Watafiti waliozichunguza nyumba hizi miaka ya 1980 waliandika kwamba chumba hicho ndicho wanawake walizalia, ndicho maiti alioshewa, ndicho mjane alijitenga. Na zile zidaka zilizopangwa safu kwa safu ukutani mwa ndani, ambazo dalali azitaka kwa ajili ya tangazo, wao waliziona kama kinga pia, za kuwakinga wenye nyumba na mabaya yanayoambatana na kuzaa na kufa. Wewe ulikuwa unauliza jengo laweza vipi kubeba msiba, na jibu liko nyuma ya mlango ambao pengine siku hizi mwaweka magunia na feni mbovu.

Kwa hiyo swali la utafiti libadilishe, liwe dogo: nyumba hii inatumikaje na wafiwa wake sasa hivi? Bibi alala chumba gani tangu babu aondoke, kile kile au amehama? Wanawake wakija kutoa pole wakaa msana upi, na wanaume wakaa baraza ipi nje, na kwa nini hiyo? Kitanda cha babu kimegeuzwa, kimetolewa, au hakuna aliyekigusa? Taa ya wapi inaachwa usiku? Haya yote yaandike kwenye daftari bila kamera, chora ramani ya nyumba uweke nani yuko wapi saa ngapi, uliza watu wazima zamani ilikuwaje, nyumba ya kati mara ya mwisho ilitumika hivyo lini. Hapo ndipo utajua utege tripodi wapi.

Na hapa lakchara wako nampa haki yake kidogo. Picha kufanana na tangazo la hoteli, hilo aliliona. Nashuku uliondoa vitu. Ndo maradhi yetu sisi tunaopiga majengo (nami niliishika kamera kabla sijakaa hapa kujibu barua), tukiingia chumbani mkono unaanza wenyewe, ndara chini ya kitanda, waya wa chaji nyuma ya pazia, mkeka unakunjwa ili mstari wa sakafu uonekane. Virudishe vyote. Mikeka iliyoachwa imetandikwa msana kwa sababu alasiri watu watakuja, chupa za chai kubwa kubwa ambazo si za nyumba hii zimeazimwa jirani, majuzuu yamepangwa kwenye kona, dawa za presha za babu bado ziko juu ya kidaka manake hakuna anayejua zitupwe ama vipi. Vitu hivyo havihitaji maelezo kwa mtu yeyote aliyewahi kufiwa.

Lakini lile la kuuliza msiba uko wapi alikosea, na mjibu kwa hoja. Mwambie 1838 Mfaransa Daguerre, mmoja wa waliovumbua upigaji picha, alielekeza kamera barabara moja ya Paris, mchana, watu na mikokoteni ya farasi tele, na picha ikatoka barabara tupu, kwa sababu lenzi ilikaa wazi dakika kadhaa na kila aliyekuwa akitembea akafutika, akabaki bwana mmoja tu aliyesimama kung'arishiwa viatu. Utupu wa picha za majengo tangu mwanzo ulikuwa umejaa watu. Halafu mwonyeshe kazi ya mpiga picha Mwitaliano Guido Guidi. Kule San Vito d'Altivole kaskazini mwa Italia kuna makaburi ya familia ya Brion, mzee Giuseppe Brion alikuwa na kampuni ya redio na televisheni, akafariki 1968, mkewe Onorina akamwita msanifu Carlo Scarpa amjengee mahali pa kumzika, na makaburi ya mume na mke yamewekwa chini ya tao moja yameinamiana kama wanaosemezana. Scarpa mwenyewe alifariki 1978, na amezikwa pale pale pembeni. Sasa Guidi kuanzia 1996 alikwenda na kurudi hapo kwa karibu miaka kumi, anapiga nini? Ukuta wa zege. Kivuli kimefika hapa saa hii, kimesogea pale saa ile. Hakuna mjane kwenye picha, hakuna ua lililonyauka, na hakuna anayemuuliza msiba uko wapi. Alichofanya ni kuvumilia tu, akakaa mahali pamoja kuliko mtu mwingine yeyote angekaa.

Wewe huna miaka kumi lakini una kitu ambacho Guidi hakuwa nacho, walala humo humo. Kipige kile kile kidaka alfajiri, adhuhuri na baada ya magharibi, siku ya watu na siku wasipokuja.

Ya ufundi nitasema machache manake umesoma. Vyumba vyenu ni virefu na vyembamba, boriti za mikoko ndizo zilizopima upana, haufiki mbali zaidi ya mita tatu hivi, na najua umekwenda ukaazima ile lenzi pana ya milimita 16 ili chumba kienee. Irudishe. Yavuta kona, yafanya chumba cha mjane kiwe ukumbi wa harusi. Chukua ya milimita 35, rudi nyuma mpaka usimame chumba cha kabla yake, upige kupitia mlangoni, hivyo hivyo nyumba ilivyokusudiwa kutazamwa, kutoka nje kwenda ndani. Chokaa nyeupe itaidanganya mita ya kamera ikupe ukuta wa kijivu, ongeza stopu moja, yaani mwanga mara mbili. Na mle gizani usiongeze taa wala usipandishe ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), acha shata ikae wazi sekunde nane, kumi, tripodi imetulia. Bibi akipita kwenda kutawadha atabaki kama moshi mwepesi, hana sura, hatambuliki na mtu yeyote, na yumo. Ila hata huo moshi muulize kwanza kama autaka.

Sasa bibi. Usimpige dirishani. Huyu mama yuko eda ya miezi minne na siku kumi, hajipambi, hatoki ila kwa dharura, halafu uso wake utundikwe ukumbini Nairobi watazame wanaume asiowajua wakila sambusa za ufunguzi? Na mikono yenye tasbihi tumeshaiona kwenye kila kalenda, mpaka mikono yenyewe imechoka. Hapo ndipo ungekuwa mwizi. Ninachotaka ufanye ni kikubwa zaidi ya kumpiga: mfanye yeye ndiye mwenye kuamua. Kaa naye, mweleze kazi hii ni ya nini na itaonekana na nani, fomu ya idhini ya chuo msomee kwa lugha yenu, usimpe ile ya Kiingereza atie sahihi kwa mapenzi. Muulize vyumba gani vipigwe na vipi vifungwe. Picha zichapishe karatasi ndogo umpelekee, aziweke mapajani, akisema hii itoe waitoa bila kubishana hata kama ndiyo bora zote. Atakayoyasema akizitazama, akikubali uyarekodi, ndiyo maandishi yako, yatazidi kila ulichokopi vitabuni. Na ruhusa atakayokupa leo mwombe tena akishatoka eda, manake mtu mwenye msiba mbichi hukubali mambo kwa kukosa nguvu ya kukataa.

Ami. Picha za dalali usitoe, hapa simung'unyi maneno. Bibi ana thumni yake (fungu moja la nane) kwenye nyumba hiyo, watoto wote wa marehemu wana mafungu yao, wa kike na wa kiume, hata kikao cha mirathi kwa ulivyoeleza hakijakaa, na wewe uliingia vyumbani kwa jina la msiba na la chuo. Picha hiyo hiyo haiwezi kutoka ikatafute mnunuzi. Tena ukitoa moja tu ile kauli yake ya biashara ya msiba itakuwa kweli, na itakuwa kweli juu yako, yeye hayumo. Mwambie kwa adabu, "Ami, hizi ni za chuo na bibi ndiye mwenye kauli juu yake, warithi wakikubaliana kuuza basi wamtafute mpiga picha wa kazi hiyo." Lile la kukuaibisha mbele za watu usimkumbushe, analijua.

Na usije ukamfanya ndiye mbaya kwenye maandishi yako, nakuomba. Nyumba ya mawe ni mzigo, boriti zaoza, chokaa inataka mafundi ambao wamebaki wachache, na mji wa kale ukiwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001 huwezi kuziba ufa kwa saruji unavyotaka wewe. Nyumba ngapi Mkomani na Shela zimenunuliwa na wageni, na waliouza hawakuwa watu wabaya, walikuwa na ada za watoto. Hilo la kuuza lenyewe ni sehemu ya utafiti wako ukitaka, kwa wafiwa wengi wa Lamu kuzika mzee na kuagana na nyumba ni jambo moja lenye tarehe mbili. Siku moja, si sasa, muulize ami naye anakumbuka nini kwenye kiwanda hicho. Huenda akakushangaza.

Limebaki la nyumba ya kati. Nakuona tayari wataka iwe picha ya mwisho ya maonyesho, kubwa, peke yake ukutani. Mwandishi Mfaransa Roland Barthes, mamake alipofariki 1977, alitafuta kwenye picha za zamani mpaka akaipata moja ya mama akiwa na miaka mitano, amesimama ndani ya nyumba ya vioo ya mimea, na akaandika kitabu kizima cha 1980 akiizunguka picha hiyo, na kitabuni kuna picha nyingi za watu wengine ila hiyo hakuiweka. Alisema kwake ni kila kitu, kwa msomaji itakuwa picha tu kama nyingine. Nawe waweza kuipiga nyumba ya kati, ukampa bibi nakala, ukabaki nayo, na ukutani ukaishia kwenye mlango wake uliofungwa. Mimi ningefanya hivyo. Ila amua ukishaongea na bibi.

Na kama tarehe ya kukabidhi inaangukia kabla eda haijaisha, andika barua ya kuomba kusogezewa, ambatisha nakala ya cheti cha kifo, vyuo vingi vina utaratibu huo na wanafunzi hawaulizi. Wakikukatalia kabidhi vyumba vya nje peke yake, daka, kiwanda na misana, na uandike wazi kwenye ukurasa wa kwanza kwamba ndani hukupiga na sababu yake.